Bia ilihama, gofu ikabaki: Somo la familia ya Palmer kwa wenye timu

MEI 2006, mji mdogo wa Latrobe, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ulipata habari iliyowakata watu maini. Bia yao, Rolling Rock, iliyokuwa ikitengenezwa hapo tangu 1939, ilikuwa imeuzwa. InBev walichukua Dola 82 milioni kutoka kwa Anheuser-Busch, na mnunuzi hakutaka kiwanda wala wafanyakazi. Alitaka jina na namna ya kuitengeneza, basi. Kufikia mwisho wa Julai, bia ilikuwa imehamia Newark, New Jersey.

Mwaka huohuo, katika mji huohuo, kulikuwa na mzee wa miaka 76 aliyekuwa akimiliki klabu ya gofu. Alikuwa na jina kubwa kuliko bia. Kama ni kuuza, angeuza kwa bei nzuri. Kama ni kuhama, alikuwa na ndege yake na leseni ya kuirusha. Hakuuza na hakuhama. Mzee huyo ni Arnold Palmer.

Shabiki wa soka anaweza kuuliza: gofu ya milimani huko Marekani inanihusu nini? Inakuhusu sana. Kila mtu aliyewahi kubishana kijiweni kuhusu nani awe na hisa ngapi kwenye klabu yake, asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa mwekezaji, anabishana kuhusu kitu kilekile kilichotokea Latrobe. Mji mmoja, familia mbili, mali mbili. Moja iliondoka, nyingine ikabaki. Swali ni kwa nini.

MJI WENYEWE

Latrobe iko kilomita 60 na ushei mashariki mwa Pittsburgh, pale ambapo milima ya Allegheny inaanza kupanda. Una watu 8,000 hivi. Ukiwakusanya wote ukawapeleka Uwanja wa Benjamin Mkapa, sehemu kubwa ya viti itabaki mitupu. Ni mji wa chuma na viwanda, wa watu wa zamu na mabuti, baridi kali na theluji miezi kadhaa ya mwaka.

Lakini kwa michezo, mji huo si wa kubeza. Septemba 1895, timu ya Latrobe ya mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana na kukumbatiana, ilimlipa kijana aitwaye John Brallier Dola 10 na gharama zake ili acheze dhidi ya Jeannette. Kwa miaka mingi ikaaminika hapo ndipo mchezaji wa kwanza wa kulipwa wa mpira huo alipopatikana. Baadaye ikagundulika kwamba kule Pittsburgh kuna jamaa alilipwa Dola 500 mwaka 1892, na heshima ikawaponyoka. Hata jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo lilijengwa Canton, Ohio, si Latrobe.

Kwa hiyo watu wa Latrobe wanajua maana ya kunyang'anywa kitu. Walinyang'anywa historia, kisha wakanyang'anywa bia.

MZEE WA NYASI

Klabu ya gofu ya Latrobe ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikiwa na mashimo tisa. Miongoni mwa vijana waliochimba mitaro wakati uwanja ukijengwa alikuwemo Milfred Palmer, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Deacon. Utotoni aliugua polio, akabaki akichechemea. Haikumzuia. Alipanda kutoka kibarua hadi msimamizi wa uwanja, na 1933, wakati uchumi wa Marekani ukiwa hoi, klabu ikampa na kazi ya ualimu wa gofu. Mtu mmoja, kofia mbili. Mabosi walikuwa wanabana matumizi.

Hapa lazima ieleweke klabu za namna hii zilivyo. Ni za wenye nazo. Unalipa ada, unapata gofu, bwawa la kuogelea, ukumbi wa chakula na heshima ya kukaa meza moja na wakubwa wa mji. Deacon alikuwa mwajiriwa. Hakuingia ukumbi wa chakula wala baa ya wanachama mpaka aalikwe. Hilo alilishika mwenyewe kama sheria, na wanawe wakalishika.

Arnold alizaliwa Septemba 10, 1929, akakulia kwenye nyumba iliyo kando ya uwanja. Akiwa na miaka mitatu baba alimkatia fimbo za gofu zimfae, akamwonyesha namna ya kushika. Lakini mtoto wa mfanyakazi hakuruhusiwa kucheza na watoto wa wanachama, na bwawa lilikuwa marufuku kwake. Wakati wenzake wakipiga mbizi kwenye maji safi ya klabu, yeye na dada yake walioga kijitoni. Alicheza alfajiri, au jioni wanachama wakishaondoka, au siku ambayo uwanja umefungwa. Saa nyingine alibeba mikoba ya fimbo za wenye pesa, au alikuwa juu ya trekta akimsaidia baba kukata nyasi.

Aliyekatazwa bwawa akaja kuwa nani? Mshindi wa mataji saba makubwa: Masters mara nne (1958, 1960, 1962 na 1964), US Open 1960, na British Open 1961 na 1962. Mataji 62 kwenye ziara ya PGA. Mwaka 1968 akawa mchezaji wa kwanza wa ziara hiyo kufikisha Dola 1 milioni za zawadi. Na yeye na wakili Mark McCormack, waliokubaliana kwa kushikana mikono tu, ndio walioufungulia mlango ulimwengu wa mawakala na matangazo ya wanamichezo. Mchezaji wa leo anayelipwa na kampuni ya viatu kuliko anavyolipwa na klabu yake anatembea kwenye njia waliyoikata wale wawili.

1971: MTOTO ANANUNUA GETI

Mwaka 1971 Arnold Palmer akainunua klabu ya Latrobe.

Filamu ya Kihindi ingeishia hapo: mtoto wa mtumishi anarudi na gari jeusi, matajiri wanainamisha vichwa, muziki unapigwa. Lakini kilichofuata ndicho chenye somo. Deacon hakupandishwa kiti cha enzi. Aliendelea na kazi yake. Yeye ndiye aliyekuwa amesimamia upanuzi wa uwanja kutoka mashimo tisa hadi 18 katika miaka ya 1960, na nyasi zilikuwa zake hata kabla mwanawe hajanunua hata jani moja. Alifariki 1976. Nafasi ya kusimamia uwanja ikachukuliwa na Jerry, mdogo wake Arnold, ambaye baadaye akawa meneja mkuu wa klabu nzima.

Tazama mpangilio huo vizuri. Mwenye jina na pesa hakuwa ndiye anayekata nyasi kila siku. Lakini aliyekata nyasi alikuwa wa damu yake, na alijifunza kazi kwa baba, siyo kwenye semina. Na mwenye jina mwenyewe aliijua kazi hiyo, kwa sababu aliifanya akiwa dogo. Hakuna meneja ambaye angemdanganya Arnold Palmer kuhusu mashine mbovu au nyasi zilizoungua. Angeshuka, angeinama, angeangalia mwenyewe.

Wakati wa baridi alikaa Florida, kwenye klabu yake nyingine ya Bay Hill. Joto likirudi, anarudi Latrobe. Ofisi na karakana yake ya kutengenezea fimbo vilikuwa palepale karibu na klabu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa: 1999 uwanja wa ndege wa huko ukapewa jina lake. Na alipofariki Septemba 25, 2016 akiwa na miaka 87, ibada ya kumuaga ilifanyika Chuo cha Saint Vincent, Latrobe, Jack Nicklaus akiwa miongoni mwa waliozungumza. Majivu yake yakatawanywa nyumbani, kwenye nyasi za baba yake.

KWA NINI BIA ILIONDOKA

Sasa rudi kwenye bia, maana nayo ilikuwa ya familia. Ndugu wa familia ya Tito ndio waliokifufua kiwanda baada ya marufuku ya pombe kufutwa Marekani mwaka 1933, na ndio walioizaa Rolling Rock. Kwa nusu karne bia ilikuwa ya Latrobe na mwenye bia alikuwa wa Latrobe.

Mwaka 1985 familia ikauza. Miaka miwili baadaye kiwanda kikawa cha Labatt wa Canada. Mwaka 1995 Labatt nao wakanunuliwa na Interbrew wa Ubelgiji, walioungana na wengine wakawa InBev. Kila hatua ilikuwa halali, na kila mnunuzi alikuwa mbali zaidi na mji kuliko aliyemtangulia. Ilipofika 2006, waliokaa mezani hawakuwa na mtu hata mmoja aliyekulia mtaa ule. Kwao Latrobe ilikuwa mstari kwenye hesabu. Ukifuta mstari, hesabu inakaa sawa.

Kiwanda chenyewe hakikufa, kampuni nyingine ilikichukua ikatengeneza vinywaji vingine. Lakini jina ndilo lililoubeba mji, na jina liliondoka.

Hapo ndipo mashabiki wa soka wanapopaswa kutega sikio. Klabu haiuzwi siku ya kusaini. Inauzwa kidogo kidogo, kila inapopita mkononi mwa mtu anayeijua kidogo kuliko aliyemtangulia. Inter Milan ilikuwa ya ukoo wa Moratti, baba Angelo aliyebeba Kombe la Ulaya miaka ya 1960, mwana Massimo aliyelibeba tena 2010. Mwaka 2013 hisa nyingi zikaenda kwa Erick Thohir wa Indonesia. Mwaka 2016 zikaenda kwa Suning wa China. Mei 2024, Suning waliposhindwa kulipa mkopo, Inter ikaangukia kwa Oaktree, mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Timu bado inacheza San Siro na bado ni kali. Lakini mwenye nayo aliipata kama benki inavyopata nyumba ya mdaiwa.

FAMILIA PEKE YAKE SI DAWA

Hata hivyo tusidanganyane. Mtu akisema "familia ndiyo jibu", mshabiki wa Manchester United atamrushia chupa. Glazer nao ni familia. Walinunua klabu 2005 kwa mikopo, na deni likatwishwa klabu yenyewe. Baba Malcolm alifariki 2014, ndugu sita wakabaki na hisa, na Februari 2024 wakamuuzia Jim Ratcliffe robo ya klabu huku paa la Old Trafford likivuja.

Tofauti ya Glazer na Palmer ni ipi? Ya kwanza, pesa inatiririkia wapi. Palmer hakuihitaji klabu ya Latrobe imlishe. Alikuwa na matangazo, ubunifu wa viwanja, na jina ambalo hata kinywaji cha chai na limau kinaitwa nalo. Klabu ilimhitaji yeye kuliko alivyoihitaji. Ikigeuka ikawa klabu ndiyo inalipa madeni ya mwenye nayo, mapenzi yanakwisha haraka.

Ya pili ni kuijua kazi ya chini. Deacon, Arnold na Jerry walizijua nyasi. Wangapi kati ya mabosi wa klabu kubwa wanajua vyumba vya kubadilishia nguo vinanuka vipi mvua ikinyesha?

Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni nani anashika usukani baba akiondoka. Hapa hakuna mfano mzuri kuliko majirani wa Latrobe wenyewe. Pittsburgh Steelers, ambao tangu 1966 wameweka kambi yao ya kabla ya msimu palepale Saint Vincent, ni timu ya familia ya Rooney tangu 1933. Mzee Art Rooney aliianzisha, akaacha wana watano. Kila mmoja akapata asilimia 16. Iliposogea 2008, baadhi ya ndugu walikuwa na biashara za kamari ambazo ligi haikutaka zichanganywe na timu, kodi ya mirithi ilikuwa inawakodolea macho, na tajiri wa nje, Stanley Druckenmiller, alikuwa mlangoni na mzigo. Dan Rooney alilazimika kusaka pesa na washirika ili anunue hisa za ndugu zake. Alifanikiwa, na timu leo iko chini ya mwanawe, Art wa pili. Lakini ilikuwa chupuchupu. Hakuna adui aliyewavamia. Ilikuwa hesabu tu: mmoja akizaa watano, na kila mmoja wa watano akazaa wake, baada ya muda mkutano wa wenye hisa unakuwa kama harusi.

Kitu hichohicho kinawasubiri wote wenye klabu za ukoo. Agnelli wameishika Juventus tangu 1923 kwa sababu ukoo ule, pamoja na migogoro yake yote, una kampuni moja inayoshika kura za wengi. Siyo kwamba wanapendana kuliko Rooney au Glazer. Waliandika mapema nani anaamua.

MILA IPI INAFAA KUBAKI

Kuna jambo jingine ambalo wapenda historia hulikwepa. Klabu ya Latrobe ilikuwa na mila mbili. Mila moja ni ya nyasi: kuamka kabla ya jua, kukata, kumwagilia, kutengeneza kilichoharibika, kumfundisha mtoto ashike fimbo sawasawa. Mila nyingine ni ya geti: huyu anaingia, huyu haingii, bwawa hili si la mtoto wa kibarua. Zote ziliitwa utamaduni wa klabu.

Palmer alirithi zote mbili, ya kwanza kwa baba na ya pili kwa wanachama. Jina lake likasimama kwa ile ya kwanza. Klabu ikaendelea kuwa ya wanachama wanaolipa, hakuna aliyeifanya uwanja wa wazi. Lakini mwenye funguo alikuwa mtu aliyewahi kusimama nje ya uzio, na hilo si jambo dogo kwenye mchezo ambao umejengwa juu ya uzio.

Hilo nalo lina mwangwi kwenye soka. Kila klabu kongwe ina mambo inayoyaita mila ambayo kwa kweli ni vigogo kulinda viti vyao. Na ina mambo yasiyo na jina, kama mzee anayefua jezi miaka 30, ambayo ndiyo klabu yenyewe.

MTIHANI WA SASA

Juni 2025, US Open ilichezwa Oakmont, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Latrobe. J.J. Spaun alibeba taji baada ya kutumbukiza mpira kutoka umbali wa karibu mita 20 kwenye shimo la mwisho. Oakmont ndipo Palmer alipocheza US Open yake ya mwisho, 1994, akaondoka analia mbele ya kamera. Nayo ilianzishwa na familia, baba na mwana wa ukoo wa Fownes, mwaka 1903. Leo ni ya wanachama, na jina la ukoo limebaki kwenye historia tu. Haikufa. Ni njia nyingine, na kwa Oakmont imefanya kazi.

Latrobe ilipomzika mwenye jina, klabu ilibaki mikononi mwa familia. Jina lenyewe bado lina nguvu: kila Machi nyota wa gofu wanakwenda Bay Hill kucheza mashindano yenye jina lake, na mjukuu wake Sam Saunders amecheza kwenye ziara ya kulipwa. Lakini Bay Hill ina televisheni na wadhamini. Latrobe ina mji wa watu 8,000, theluji, na nyasi zisizojua Masters ni nini. Kuanzia 2006, mwaka uleule wa bia, kwa miaka mingi viwanja vya gofu vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa.  Vingine vilifungwa kwa sababu ardhi ikawa na thamani kubwa kwa mjenga nyumba kuliko kwa mcheza gofu.

Kwa hiyo swali la Latrobe haliko kwenye kabati la vikombe. Kizazi kilichofuata hakikukatazwa bwawa na hakikuoga kijitoni. Kimezaliwa ndani ya geti. Je, kitajua nyasi kama zilivyojulikana na waliozaliwa nje?

Swali hilo ndilo la kuondoka nalo. Siku klabu yako itakapotangaza mwekezaji mpya, awe mtu, ukoo au kampuni, usikimbilie kuuliza ataleta straika gani. Uliza mambo matatu. Klabu itamlisha yeye au yeye atailisha klabu? Nani upande wake aliwahi kufanya kazi ya chini? Na akifa kesho, nani anashika funguo? Watu wa Latrobe hawakuwauliza hayo wenye bia mwaka 1985. Miaka 21 baadaye walijibiwa.